Bariadi ina majaji wake: Tuzo za sanaa za mji zianzie uwanja wa mbina

Pamba ikishapimwa na mtama ukishaingia ghalani, Simiyu huwa mkoa mwingine. Kuanzia Juni hadi Agosti, wakati jembe limepumzika na mifuko ina chochote, vijiji vya Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega huitana kwa ngoma. Watu huja kwa baiskeli, kwa bodaboda na kwa miguu. Wengine hufunga safari tangu alfajiri, na michembe, yaani viazi vilivyokaushwa, imefungwa kwenye kitambaa.

Kinachowaita ni mbina, mashindano ya ngoma ya Wasukuma. Vikundi viwili huingia uwanja mmoja na kupiga kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, huku umati ukiwa katikati. Mtazamaji akivutiwa na wimbo wa upande huu, anasogea huku. Upande wa pili ukitoa jambo jipya, anageuka na kuwafuata. Umati huenda na kurudi mchana kutwa, na jua linapokaribia kuzama kikundi kilichozungukwa na watu wengi zaidi ndicho kilichoshinda. Kila aliyekuwepo amepiga kura yake kwa miguu, tena mbele ya macho ya wote.

Nauita huu mfumo wa tuzo za jamii, uliokamilika na uliozeeka kuliko tuzo zozote za sanaa tunazozijua nchini. Tuzo za muziki ambazo wengi walizizoea kwa jina la Kili zilianza mwaka 1999. Baadaye zikasimama, mpaka Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lilipozirudisha mwaka 2022. Mbina ilikuwa ikiwapata washindi wake tangu karne ya 19, kabla ya mkoloni na kabla ya redio.

Ndiyo maana kila linapozuka wazo la kuuenzi mji wa Bariadi na wasanii wake kwa tuzo, jibu langu ni kwamba tuzo hizo zisiletwe kutoka mbali. Zianzie pale uwanjani. Kuna jambo moja tu ambalo uwanja haukuweza kulifanya, nalo ndilo tuzo zinapaswa kuliongeza: kulitunza jina la mshindi baada ya vumbi kutulia.

Ngika na Gumha

Wazee wa Usukumani husimulia habari za watu wawili, Ngika na Gumha, mafundi wa ngoma na wajuzi wa dawa walioishi katikati ya karne ya 19. Kila mmoja alidai kumzidi mwenzake kwa uchezaji na kwa nguvu ya kuwavuta watu. Ushindani wao haukuisha walipokufa. Uliwagawa wachezaji wa Usukuma katika pande mbili zilizopo hadi leo, Wagika na Wagalu. Kikundi chochote kikubwa cha ngoma unachokisikia, kiwe cha kijiji cha pembezoni au cha mjini, huwa na upande wake.

Mgawanyiko huo umekuwa shule. Ukijua kwamba mwenzako wa upande wa pili anajiandaa, hulali. Manju, mtunzi na kiongozi wa nyimbo, hutunga nyimbo mpya kila msimu, kwa sababu wimbo wa mwaka jana umati umeshaushiba. Mtunzi wa mitindo ya miguu hutafuta hatua ambayo haijaonekana. Wengine walichonga sanamu za mbao zenye viungo vinavyocheza, wakazificha mpaka saa ya mwisho, kisha wakazitoa ghafla ili upande wa pili uachwe mtupu. Wapo wanaoingia na chatu shingoni. Na kila kikundi kina dawa yake ya kuvuta watu, inayoandaliwa kwa siri na mganga wa kikundi. Uamini usiamini, nidhamu inayoizunguka dawa hiyo ni sehemu ya maandalizi: miiko hushikwa na watu hukaa pamoja usiku kucha kabla ya siku ya kushindana.

Ndani ya pande hizo mbili kuna aina nyingi za ngoma, na kila moja imetoka kwenye kazi au elimu fulani. Bununguli ni ngoma ya wawindaji wa nungunungu, mnyama anayeharibu mashamba ya viazi na karanga. Buyeye na Bugoyangi ni za mafundi wa nyoka, ambao pamoja na kucheza nao wanajua mitishamba ya kutibu aliyeumwa. Katika wigashe waimbaji hukaa chini, wakayumba pamoja na kuimba kwa sauti zinazopandana, na uzito wote wa sanaa ukawa kwenye maneno. Ipo pia Bugobogobo, ambayo imesafiri kuliko zote.

Ngoma ya jembe

Bugobogobo ilitoka shambani. Vikundi vya vijana vilialikwa kulima shamba la mtu, wakajipanga mstari mmoja, mpiga ngoma akiwa karibu na manju akiwa mbele. Mdundo ndio uliopanga kasi ya jembe. Mlimaji aliyechoka alibebwa na wimbo, na mvivu alisemwa ndani ya wimbo huohuo. Shamba la siku tatu liliisha kwa siku moja. Kazi ilipokwisha, majembe yalihamia uwanjani: yanarushwa juu, yanazungushwa, yanadakwa kwa mdundo uleule.

Leo ngoma hiyo huchezwa katika sherehe za kitaifa na kufundishwa mbali na Usukuma. Wapo vijana wanaoimudu vizuri ambao hawajawahi kulima hata tuta moja la pamba. Mtafiti wa muziki kutoka Marekani, Frank Gunderson, alikaa na wakulima waimbaji wa Usukuma, akakusanya nyimbo zao za kazi na kuzichapisha katika kitabu kikubwa mwaka 2010. Kabla yake Elias Songoyi, msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika tasnifu mwaka 1988 kuhusu waimbaji wawili, Kalikali wa Usukuma na Mwinamila wa Unyamwezi, akichunguza msanii anavyosimama mbele ya dola. Kwa hiyo mabingwa wa mashambani kwetu wamesomwa vyuoni, ndani na nje ya nchi.

Sasa jiulize: mwanafunzi wa kidato cha pili mjini Bariadi anaweza kuwataja mamanju watatu wa wilaya yake? Anawajua wasanii wa Dar es Salaam kwa majina, kwa magari na kwa wapenzi wao. Mzee aliyetunga nyimbo ambazo bibi ya mwanafunzi huyo huziimba akitwanga, hamjui. Kosa si la mwanafunzi. Hakuna mahali alipoandikiwa.

Majina yaliyopotea

Uwanja wa mbina una kumbukumbu fupi. Ushindi wa leo unasifiwa wiki nzima, unasimuliwa msimu mzima, halafu unafunikwa na msimu unaofuata. Manju akifariki, nyimbo zake hubaki midomoni mwa watu bila jina lake. Mchonga ngoma huwa hatajwi kabisa, wakati bila mkono wake hakuna kinacholia. Vivyo hivyo aliyeshona njuga, aliyetunga shanga za mavazi, na mama aliyewafundisha wasichana kuitikia.

Hasara hiyo inaonekana hata ng'ambo. Sanamu za Wasukuma na Wanyamwezi zimo katika makumbusho ya Ulaya. Mwaka 1994 maonyesho makubwa ya sanamu za Tanzania yalifanyika Berlin na Munich, na watu wakashangazwa na ufundi wa mikono ya huku. Lakini kwa sehemu kubwa sanamu za aina hiyo zimeandikwa jina la kabila, bila jina la aliyechonga. Mtu alikaa chini ya mti, akachonga, akafikiri, akakosea, akarekebisha, na leo kazi yake inatunzwa ndani ya kioo ilhali yeye mwenyewe hana jina.

Wakoloni nao waliandika walichotaka. Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, alichapisha kitabu kuhusu sheria na desturi za Wasukuma mwaka 1953, na karatasi zake nyingi ziko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tunamshukuru kwa kuhifadhi. Ila aliandika kwa mahitaji ya utawala. Kazi ya kuwaandika wasanii wa Ntuzu, yaani eneo la Bariadi, kwa heshima yao wenyewe ilibaki, na ni yetu.

Bujora ilionyesha njia

Mfano wa karibu uko mkoa jirani. Huko Bujora, pale Kisesa nje kidogo ya jiji la Mwanza, Padri David Clement, mmisionari Mkanada, alianza katika miaka ya 1950 kukusanya vitu na maarifa ya Wasukuma badala ya kuyakemea. Kazi hiyo ikazaa Makumbusho ya Wasukuma. Sikukuu ya Ekaristi ikaungana na msimu wa ngoma, na hapo likasimama tamasha la Bulabo, ambalo kila Juni huwakutanisha Wagika na Wagalu mbele ya maelfu ya watu.

Bujora ilifanya mambo mawili kwa pamoja. Iliuacha ushindani uendelee kama wenyewe walivyouzoea, na ikajenga nyumba ya kumbukumbu kando ya uwanja. Matokeo yake, Septemba 8, 2021, machifu walipokusanyika Kisesa katika tamasha la utamaduni na kumsimika Rais Samia Suluhu Hassan kuwa Chifu Hangaya, nchi nzima ilitazama utamaduni ambao haukuwa umefufuliwa kwa ajili ya siku moja. Ulikuwa hai.

Huko Kenya, mji wa Lamu una tamasha lake tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Humo hushindaniwa mashairi, bao, uchoraji wa hina, mbio za punda na mashindano ya majahazi. Lamu haikujiuliza dunia inapenda nini. Ilichukua yale ambayo watu wake huyafanya kila siku na kuyapa heshima ya ushindi, na wageni wakafunga safari kuyatazama. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, nalo lina funzo jingine: waamuzi husimama na kueleza mbele ya washiriki kwa nini mmoja amemzidi mwenzake, ili aliyeshindwa arudi nyumbani na jambo la kufanyia kazi.

Bariadi haianzi na mikono mitupu

Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, ukakatwa kutoka Shinyanga na Mwanza, na mji wa Bariadi ukawa makao makuu. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta mkoa na watu zaidi ya milioni 2.1. Barabara ya lami kutoka Lamadi kupita Bariadi hadi Maswa imeufungua mji kwa Mwanza, Mara na Shinyanga. Mkoa umejulikana kwa pamba, na baadaye kwa chaki za Maswa na maziwa ya Meatu.

Sanaa nayo imekuwa na majukwaa. Miaka ya mwisho ya 2010 Simiyu Jambo Festival iliwaleta watu Bariadi kwa mbio za baiskeli na ngoma za Wagika na Wagalu, na kuthibitisha kwamba mji unaweza kubeba shughuli kubwa. Viwanja vya Nyakabindi vilipokea maonyesho ya Nane Nane ya kitaifa miaka mitatu mfululizo, 2018, 2019 na 2020. Uwanja upo na barabara ya kuufikia ipo. Hata tarehe inajileta, kwani Agosti ni mwezi ambao mkulima amevuna na ngoma zimepamba moto.

Usifikiri pia kwamba sanaa ya Bariadi ni ngoma peke yake. Kwaya za makanisa, hasa za Africa Inland Church Tanzania (AICT) na za Kikatoliki, zimewalea waimbaji na wapiga vinanda ambao shule hazikuwahi kuwafundisha. Waimbaji wa nyimbo za asili wa kizazi hiki, akina Bhudagala, wamehamisha sauti ya Kisukuma kwenye simu na intaneti, na harusi ya Usukumani isiyo na nyimbo hizo siku hizi haijakamilika. Wapo wachekeshaji, wapiga picha za video, wasusi na wafinyanzi. Shule za msingi na za sekondari hushindana kwa ngoma na kwaya katika michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA, mtoto anapiga ngoma vizuri mpaka walimu wanasimama, halafu mashindano yakiisha kipaji hicho kinarudi darasani na kusahaulika.

Tuzo zenyewe ziweje

Mapendekezo yangu ni haya, na nayaweka mezani ili wenye mji wayachambue.

Kwanza, tuzo kuu ya ngoma iamuliwe na umati, kwa mfumo wa mbina, bila kupunguzwa chochote. Kura za simu hupigwa na mwenye salio. Kura ya miguu hupigwa na aliyefika. Atakayetwaa ushindi huo hatakuwa na wa kumlalamikia.

Pili, liwepo jopo la wazee na mafundi kwa ajili ya yale ambayo umati hauyaoni. Umati huvutwa na kishindo. Chatu akitolewa, wigashe itaachwa na watu kumi, hata kama maneno yake ndiyo yatakayodumu. Kwa hiyo jopo litafute wimbo uliotungwa kwa ufundi zaidi, mlezi bora wa vijana na sauti bora ya mwitikio. Na lieleze sababu zake hadharani, kama wafanyavyo wale wa Kenya.

Tatu, mafundi wa nyuma ya pazia wapewe jukwaa: mchonga ngoma, mtengeneza zeze, mshonaji wa mavazi, mtunga shanga. Hawa wapande jukwaani na kazi zao mikononi, waeleze mti gani hukatwa na ngozi gani huwambwa. Mtoto mmoja akitamani kazi hiyo siku hiyo, gharama yote imerudi.

Nne, wanawake na wasichana wasibaki kwenye mwitikio. Wapo wanaotunga, na nyimbo zao huimbwa na vikundi vinavyoongozwa na wanaume. Utunzi upewe tuzo kwa jina la mtunzi, awe nani.

Tano, zawadi iwe na maisha marefu. Ng'ombe ni zawadi inayoeleweka Usukumani kuliko kikombe cha bati. Kikundi kipewe mtamba, si dume la kuchinjwa jioni ileile, ili miaka mitatu baadaye kikundi kikishindana tena kiwe na ndama wa kununulia ngoma mpya.

Sita, na hili ndilo moyo wa jambo zima, kila mshindi aandikwe. Jina lake, kijiji chake, mwaka, upande wake, na jina la aliyemfundisha. Nyimbo zirekodiwe, maneno ya Kisukuma yaandikwe pamoja na maelezo yake kwa Kiswahili, na nakala ziwekwe halmashauri, shuleni na Bujora. Siku ya tuzo iwepo meza ya COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ili mtunzi atoke uwanjani akiwa amesajili kazi yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, na ina sehemu inayohusu sanaa za jadi, lakini haiwezi kumlinda mtu ambaye hakuna anayejua kwamba yeye ndiye aliyetunga.

Tahadhari ya fedha na siasa

Songoyi huyohuyo aliandika mapema, mwaka 1983, kuhusu ngoma za jadi zinavyobadilika zikigeuzwa biashara. Onyo lake halijachakaa. Mdhamini akishika kipaza sauti, nyimbo zinaanza kumsifu yeye. Mwanasiasa akilipia mafuta ya lori, kikundi kinajikuta kimevaa fulana za chama. Ngoma ya saa sita inafupishwa iwe ya dakika tano ili hotuba zipate nafasi. Mwishowe manju, ambaye kwa asili ana ruhusa ya kumsema mkubwa kwa mafumbo, anakuwa mpamba sherehe.

Fedha zinahitajika, na wachambua pamba, wafanyabiashara na benki za mji hawana budi kuchangia, kwa kuwa wanaishi kwa jasho la watu haohao. Kinachotakiwa ni mpaka ulioandikwa. Mdhamini atajwe mwanzoni na mwishoni, asichague washindi wala nyimbo. Kamati iwe na wazee wa Wagika na wa Wagalu kwa idadi sawa, walimu, vijana na Afisa Utamaduni wa halmashauri. Hesabu zisomwe hadharani. Na wimbo wa kukosoa usiwe sababu ya kumnyima mtu tuzo, maana jamii iliyowapa waimbaji wake ruhusa ya kusema kweli isinyang'anywe ruhusa hiyo na shughuli iliyoanzishwa kwa ajili ya kuienzi.

Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge Desemba 1962, akiwa Rais wa Jamhuri mpya, alitangaza wizara ya utamaduni na vijana, kwa hoja kwamba taifa lisilo na utamaduni wake halina roho. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ikaja kuweka mambo hayo kwenye maandishi. Lakini sera haichezi ngoma. Utamaduni hutunzwa na wilaya, kata na kijiji, na watu wanaojua nani alimfundisha nani.

Kwa hiyo Bariadi haihitaji kusubiri mwaliko. Msimu ujao wa mavuno, halmashauri ya mji na wazee wa ngoma waanze na kitu kidogo: uwanja mmoja, siku mbili, mtamba mmoja, na daftari kubwa lenye jalada gumu. Ukurasa wa kwanza wa daftari hilo uwe wa waliokwisha kutangulia, na kila kijiji kilete majina ya mamanju wake waliofariki kabla hawajasahaulika. Kurasa zinazofuata zijazwe mwaka hadi mwaka. Wazee wanaokumbuka majina hayo bado wako nasi, ila hawatakuwepo daima, na kila msimu unaopita bila daftari unaondoka na baadhi yao.